Vidole Vinne Chini ya Goti

Daftari langu halijui siasa.
Linajua kiuno, bega, urefu wa mkono,
na tarehe, kwa kalamu ya risasi.
Ukurasa wa kwanza wa Trufena Khavere:
kiuno ishirini na nane, sketi ya kijivu,
vidole vinne chini ya goti.
Alikuwa karani wa maji pale Siti Holi,
mweka hazina wa akina mama wa kanisa,
na katika hesabu zake haikupotea hata shilingi.

Nilikuwa na kibanda soko la Jericho,
cherehani ya miguu, redio isiyozimwa.
Alisimama mbele ya kioo changu chenye ufa
akasema, "Mutheu, nagombea udiwani."
Nilikuwa na pini mdomoni. Sikujibu.

Suti ya kwanza ilikuwa ya buluu.
Aliivaa Makadara, akaivaa Mbotela,
akihubiri kazi, sala, mtoto kulelewa na wawili;
serikali ibaki mlangoni,
isifunue sufuria za watu.
Walipiga makofi. Mimi pia.
Kodi ya vibanda ilikuwa imepanda mara mbili mwaka ule
na ni yeye peke yake aliyeitaja.
Akashindwa kwa kura mia tatu na kumi na moja.

Kisha chama kikamteua.
Yeye aliyesema kiti cha kupewa ni kigoda cha jikoni
akakifuta vumbi, akakikalia, akakiita wito.
Sikumcheka.
Nilicheka kidogo, usiku, nikikunja vitambaa.

Kiuno thelathini na moja. Thelathini na tatu.
Suti ya zambarau, siku alipouangusha mswada
wa kuwafundisha wasichana miili yao shuleni.
Binti yangu Mwikali, kidato cha pili,
aliitambua sauti redioni, akaipunguza,
akauliza, "Ndiye huyu unayemshonea?"
Nikamwambia anitilie uzi sindanoni,
macho yangu yamechoka.

Na ni yeye huyo aliyenitafutia kitanda Pumwani
usiku mimba ya nne ilipotaka kuondoka nami.
Alikaa kwenye benchi hadi alfajiri,
na suti yake ya zambarau,
bila kamera, bila mpambe,
ameshika viatu vyangu mapajani.
Hilo nalo niliweke ukurasa gani?

"Mahali pa mama ni nyumbani,"
alisema Kamukunji, saa mbili usiku,
spika zikipiga mbinja;
na kule Buruburu Bwana Amugune
alikula ugali uliosongwa na msichana wa kazi,
akimtazama mkewe kwenye habari.

Suti ya kijani ilikuwa ya ugavana.
Nilipima mara mbili, nikakata mara moja,
nikatia bitana ya hariri ambayo hakuna angeiona.
Siku ya mchujo akasimama mwanamume
aliyemfundisha kushika maikrofoni.
Akakohoa. Akasema,
"Mahali pa mama ni nyumbani.
Maneno si yangu, ndugu zangu. Ni yake."
Ukumbi ukaangua kicheko.
Redio yangu mwenyewe ikacheka nao.

Jumanne moja akaja kwa miguu.
Suti zote zimelegea, kiuno kimerudi thelathini.
"Punguza," alisema, "pande zote."
Nikamuuliza, na pindo je?
Siku hizi wanavaa juu kidogo,
wengine suruali, na mbingu haijaanguka.
Alinitazama kwenye kioo,
jicho moja kila upande wa ufa.
"Vidole vinne, Mutheu.
Nilikosea watu. Sikukosea urefu."

Nikapiga magoti, nikaweka vidole vyangu.
Goti lilikuwa likitetemeka.
Niliandika namba; hilo sikuliandika.

Anasema atasimama tena, safari hii bila chama.
Mwikali sasa ana kura, na najua haitakwenda kwake.
Yangu sijui.
Ile ya kijani bado hajailipia.